Shukrani Waliyompa Mwalimu Lohay

Jumapili iliyopita baada ya ibada, akina mama vijana wa hapa kwetu Ganako walinizunguka nje ya kanisa. Watoto wao wanamaliza darasa la saba, na wazazi wanataka kumpa mwalimu wa darasa zawadi siku ya mahafali. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, wewe umefundisha mpaka ukastaafu, unajua walimu wanapenda nini. Tununue kitenge au saa ya ukutani? Na keki tuagize kubwa au ya kawaida?" Nikasema nitawajibu. Akaniomba nimwandikie kwenye simu, ili awasomee wenzake.

Basi naandika. Ila nawaonya mapema, wanangu, kwamba jibu ni refu kuliko swali, na halifurahishi.

Saa za ukutani msinunue. Kwangu zimejaa, zote za mahafali, na kila moja inafuata akili yake. Ya sebuleni inakimbia, ya jikoni imesimama, na ya chumbani hupiga muziki inapotaka yenyewe. Kitenge hakina ubaya. Keki mtanisamehe, siku hizi ikikatwa mimi hutoka nje, na sababu yake mtaiona mbele.

Mimi nilianzia kazi Olbalbal. Wengi wenu mmepita huko juu kwenye ukingo wa kreta mkiwa ndani ya gari, mkaona kule chini uwanda umelala umekauka, mkasema pazuri. Jaribuni kuishi. Mimi mtoto wa mkulima wa maharage ya ngwara na mahindi, niliyezoea mvua na udongo mwekundu wa Karatu, nilishuka kwenye lori na sanduku langu nikakuta vumbi, upepo na watoto waliokuwa wametembea asubuhi yote kufika shuleni. Kimaasai sikujua hata salamu. Wao Kiswahili walikuwa bado. Nilikaa juu ya sanduku nikalia.

Aliyenikuta nalia ni Mwalimu Lohay. Naye ni Mwiraqw, wa huku huku Ganako, na alikuwa amenitangulia miaka mingi. Hakunibembeleza. Alisema, "Mwalimu Emiliana, ukimaliza kulia, kuna chai. Lakini ukilia sana hapa maji yatakuishia, na kisima kiko mbali."

Mwalimu Lohay alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Walimu wengine walilikimbia kama ugonjwa. Yeye walipomtaka apande darasa alikataa. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana koti moja la kijivu, na sauti ndogo mno. Darasa likipiga kelele, mimi nilipaza sauti, yeye alishusha. Aliongea chini, chini zaidi, mpaka watoto wakanyamaza wenyewe ili wasikose anachosema. Nilimuiga kazi yangu yote. Ninyi mlio walimu vijana, jaribuni. Inachukua moyo, lakini inafanya kazi, na jioni bado unalo koo.

Kusoma alifundishia nje. Aliandika herufi kubwa kwenye vumbi, mtoto akatembea juu yake kwa miguu, huku akitamka sauti yake. Siku hizi tuna semina na vitabu vya rangi, na mimi sivipingi, lakini mtoto aliyetembea juu ya herufi "s" hawezi kuigeuza tena. Mguu unakumbuka.

Sasa niwaambie kuhusu zawadi, maana ndiyo mliyouliza. Zawadi yangu ya kwanza niliiharibu. Mama mmoja wa Kimaasai, Mama Nasieku, alikuwa na binti darasani kwangu. Siku moja akaja mpaka mlangoni na kibuyu cha maziwa. Maziwa yale yalinukia moshi, kwa sababu kibuyu chao husafishwa kwa kijinga cha mti maalumu. Sikuwa nimezoea. Niliyanywa kwa shida, kisha nikafanya nilichofundishwa na mama yangu, kwamba chombo cha watu hakirudishwi kichafu. Nikakisugua kibuyu kwa sabuni ya unga, ndani na nje, nikakianika juani, nikampelekea kikiwa kinang'aa.

Mama Nasieku alikinusa. Akaninusa na mimi. Halafu akakaa chini akacheka mpaka shanga za shingoni zikawa zinalia. Kibuyu kimeharibika, hakifai tena kwa maziwa. Mwalimu Lohay akanieleza jioni ile, tukiwa tunakunywa chai. "Umefuta kazi ya mama yake na bibi yake," alisema. "Lakini atarudi. Aliyekuja kushukuru hakuja kwa ajili ya kibuyu."

Na kweli alirudi. Nasieku alipoweza kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe, mama yake aliniletea mbuzi jike. Kwa desturi yao, watu waliopeana mbuzi huacha majina yao na kuitana Pakine, jina linalotokana na huyo mbuzi. Tangu siku ile sikuwa tena Mwalimu kwake, wala yeye hakuwa Mama Nasieku kwangu. Ilikuwa Pakine huku, Pakine kule, mpaka wanafunzi wakadhani ni jina langu la ubatizo.

Kisha ukaja ukame mkubwa. Ng'ombe walikufa wamesimama. Boma la Pakine wangu likawa kimya, zizi tupu. Siku moja nikamwona anakuja shuleni kwenye jua kali, mikono mitupu, ameshika fimbo tu. Nikafikiri anakuja kuniomba unga. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta, akaniuliza habari za nyumbani, habari za mama, habari za mguu wangu uliokuwa unauma. Tulipomaliza akasimama. "Leo sina kitu, Pakine," alisema. "Nimekuja kukuona tu." Akarudi njia yote ile kwa miguu.

Sijawahi kushukuriwa namna ile tena, na nimepewa vitenge vingi.

Baada ya miaka kadhaa Mwalimu Lohay aliomba uhamisho kurudi Karatu, maana mkewe alikuwa anaumwa. Akapangiwa shule moja karibu na mji, darasa la kwanza kama kawaida. Mimi nikabaki Olbalbal mpaka mwisho. Lakini nyumba zetu huku Ganako zinatazamana, kwa hiyo kila likizo nilikuwa namwona.

Huko Karatu ndiko alikomfundisha Daudi. Daudi si jina lake. Mwalimu Lohay ameniruhusu niandike haya, lakini alinitaka nifiche jina la mtu huyo, nami nimemtii. Daudi alifika darasa la tatu hajui kusoma. Mwalimu wake alishamkatia tamaa, anamkalisha nyuma. Mwalimu Lohay, ambaye hata hakuwa na wajibu naye tena, akawa anamwita kila jioni masomo yakiisha. Wanakwenda uwanjani, mtoto anatembea juu ya herufi kama vitoto vya darasa la kwanza. Alikuwa na aibu, basi mwalimu akawa anatembea naye, wanaonekana kama wanacheza. Mwaka ulipokwisha Daudi alikuwa anasoma.

Leo Daudi ni dereva wa watalii. Anazungumza Kiingereza na Kijerumani, na wageni wanamwandikia kutoka kwao. Si mtu mbaya. Hilo nataka mlishike, kwa sababu kama angekuwa mtu mbaya hadithi hii isingekuwa na haja ya kuandikwa.

Mwalimu Lohay alistaafu, mkewe akafariki, binti yake wa pekee akaolewa Mbulu. Akabaki na mke wa mpwa wake anayempikia. Ndipo macho yakaanza. Alifikiri ni uzee. Nilipokuwa likizo nikamshika mkono tukapanda basi kwenda Arusha, kwenye kliniki ya macho. Daktari, dada mmoja mpole, akasema ni presha ya macho. Akatueleza taratibu. Ugonjwa huu hauumi. Unakula macho kutoka pembeni kuja katikati, kama moto unavyokula karatasi, na kilicholiwa hakirudi. Lakini kuna dawa ya matone. Tone moja kila jicho, kila jioni, siku zote za maisha yake. "Mzee akiitumia bila kuruka, macho aliyonayo leo atakufa nayo," alisema. "Akiacha, hayatamsubiri."

Dawa yenyewe ni kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Kwenye maduka ya dawa ya Karatu leo ipo, kesho haipo. Arusha ipo wakati wote. Mimi nilikuwa narudi Olbalbal, na yeye peke yake hakuweza tena kuhangaika stendi na barabara za mjini.

Siku mbili kabla sijaondoka, Daudi akapita kumsalimia. Nikamweleza. Hata sikumaliza.

"Mwalimu, hiyo niachieni mimi," alisema. "Mimi Arusha ni kila wiki, nafuata wageni uwanja wa ndege. Duka la dawa napita mlangoni. Nitakuwa namletea mzee mwenyewe."

Alipiga magoti akamshika Mwalimu Lohay mikono yote miwili. "Wewe ndiye uliyenifanya mtu. Hiki ni kitu gani?"

Mwalimu Lohay alifurahi sana. Daudi alipoondoka akaniambia, "Umesikia alivyosema? Sentensi zote zimekamilika."

Nikarudi kazini nimetulia. Nilipiga simu mtandao uliporuhusu, na kule Olbalbal mnajua, unapanda juu ya mwamba kuutafuta. Kila mara niliuliza, "Dawa zinakuja?" Naye akajibu, "Zinakuja, Mwalimu." Kiswahili chetu kina mtego hapo. Mimi nilisikia kwamba zinafika. Yeye alikuwa anasema kwamba bado ziko njiani.

Likizo iliyofuata niliingia uani kwake mchana, jua liko wazi. Alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwangu. Nikasimama mbele yake nikitabasamu, nangoja anisalimie. Akaendelea kutazama. Mwishowe akasema, "Karibu. Ni nani?"

Nikamwambia anionyeshe dawa. Akaingia ndani kwa kupapasa ukuta, akatoka na kichupa. Ni kile kile cha kwanza, tulichonunua pamoja. Ndani kulikuwa na maji.

"Ilipokaribia kuisha nikawa naongeza maji ya kuchemsha," alisema. "Kidogo tu, ili isipotee iliyobaki."

"Na Daudi?"

"Ana wageni. Ni msimu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatafuta kiti akakaa. "Ningekwambia nini, Emiliana? Mtoto ameahidi mwenyewe. Nikikwambia, utampigia. Ukimpigia, ataleta kwa kuona haya. Nilitaka alete kwa kukumbuka."

Nilimpeleka Arusha kesho yake. Daktari yule alimulika macho, akazima taa, akakaa. Hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na mwanga kidogo wa kutofautisha mlango na ukuta, nao hautadumu. Akaandika dawa ile ile, kuokoa hicho kidogo.

Nikampigia Daudi. Simu haikupatikana, alikuwa Serengeti. Aliponirudia nikamwambia yote, maneno makali ambayo sikuwahi kumwambia mwanafunzi. Nilisikia analia. Akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa nakumbuka kila siku. Kila siku nakumbuka." Halafu akajikusanya, akasema, "Tutamfanyia mzee kitu kikubwa. Nakuahidi. Kitu kikubwa."

Wanangu, mtu akikosa kufanya kitu kidogo, mkimbieni anapoahidi kikubwa. Mimi sikujua. Nilifikiri amepata funzo.

Daudi akaunda kundi la simu la waliosoma kwa Mwalimu Lohay. Wakajaa humo: madereva, wapishi wa hoteli, wauguzi, mkulima mmoja mkubwa wa vitunguu, hata mmoja aliye Dodoma ofisini. Wakachanga. Wakajadiliana wiki nzima, sofa au godoro, jiko la gesi au ng'ombe wa maziwa. Mimi sikuwa nimewekwa kwenye kundi. Niliyasikia kwa majirani. Mwishowe mtu akakumbuka kwamba Mwalimu Lohay alikuwa akichora kreta ubaoni kila mwaka, akiwaambia watoto wa darasa la kwanza kwamba chini humo kuna ziwa, kuna msitu, kuna kila mnyama, ila yeye mwenyewe amepita ukingoni miaka yote bila kushuka. Wote wakasema hapo hapo. Mzee apelekwe kreta.

Hakuna aliyeuliza sasa ataona nini. Au labda waliuliza, na swali likapita kati ya picha za maua na mikono iliyoshikana, kama mambo yanavyopita kwenye simu.

Nilikuwa nimestaafu wakati huo, nikaombwa nimsindikize. Yakaja magari mawili ya utalii, yamefunguliwa paa, yamefungwa utepe. Mwalimu Lohay alivaa koti la kijivu. Wakamkalisha mbele kando ya Daudi, kwa heshima, mimi nikakaa nyuma yake. Tulipita geti la hifadhi, tukapanda ndani ya ukungu, tukafika ukingoni, na kama kawaida watu wote wakatoa sauti ya mshangao. Yeye akageuza uso upande wa sauti zetu.

Tulipofika chini, Daudi akaanza kazi yake. Anaijua kazi yake. "Kushoto, Mwalimu, kuna pundamilia wengi sana. Pale mbele simba jike amelala, ana watoto." Mwalimu Lohay akawa anageuza kichwa kila upande alioambiwa, kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Mahali fulani akaomba gari lizimwe. Likazimwa. Nyumbu walikuwa karibu, wanakoroma wote kwa pamoja. Alisikiliza muda, akasema, "Darasa la kwanza, mwalimu katoka." Magari yote mawili yakacheka, na kwa dakika ile kila mtu alikuwa na furaha. Siwezi kusema hawakumpenda.

Tukaenda kula pale kwenye bwawa la viboko. Wakafungua bango lenye jina lake, wakamweka katikati, wakapiga picha. Keki ikakatwa. Wote walitaka kumlisha. Wakamwekea kipande kingine mkononi ale mwenyewe, wakarudi kupanga picha. Wenye uzoefu wa kreta wanajua kwamba pale huli nje, kuna mwewe. Madereva wale wanajua kuliko wote, kila siku wanawaonya wageni. Siku hiyo walisahau. Mwewe alishuka akapiga mkono wa mzee, akaondoka na keki. Mzee alishtuka, mkono unatoka damu kidogo, vidole bado vimefungwa kama vimeshika kitu. "Nani amechukua?" akauliza.

Mtu akasema, "Mwewe, Mwalimu."

"Basi," akasema, "naye nilimfundisha mimi."

Wakacheka sana. Wengine waliliandika neno hilo kwenye simu zao, kama kichekesho. Mimi nilikuwa nafuta damu kwa kanga yangu, na sikuona mahali pa kucheka.

Tulipoanza kupanda kutoka, vumbi la gari la mbele likaingia dirishani. Daudi akapaliwa, macho yanamtoka machozi, na njia ile ni nyembamba, hawezi kuachia usukani. Akasema, "Mwalimu, naomba unisaidie, fungua hapo kwenye dashibodi mbele yako, kuna tishu."

Mwalimu Lohay akapapasa, akafungua. Mkono ukaingia. Nami nyuma yake, nimeinama kumsaidia, nikaona. Mle ndani, kati ya tishu na miwani ya jua na karatasi za geti, kulikuwa na viboksi vya dawa ya macho. Vilikuwa vingi. Vingine vilikuwa vimepauka kwa joto, vingine havijafunguliwa hata kwenye mfuko wa duka la dawa. Jina la dawa nililijua kama ninavyojua jina langu.

Alikuwa amenunua. Kila alipokwenda Arusha alikuwa amenunua. Kisha anarudi na wageni ndani ya gari, wanataka kuwahi hoteli, anafika njia panda ya Ganako, anasema nitapita kesho.

Mkono wa mzee ukasimama juu ya viboksi. Akachukua kimoja. Akakigeuza kwa vidole, akakisogeza sikioni, akakitikisa taratibu. Ndani kulikuwa na kichupa kilichojaa. Daudi macho yake yalikuwa barabarani. Mwalimu Lohay akarudisha kiboksi mahali pake, akatafuta tishu, akafunga dashibodi.

"Hizi hapa, mwanangu," akasema.

Tulipofika nyumbani Daudi alimshusha, akamshika mikono kama ile siku ya kwanza. "Umefurahi, Mwalimu?" Mzee akasema, "Nimefurahi sana. Mungu awabariki." Magari yakaondoka yakipiga honi.

Nikamketisha ndani. Mke wa mpwa wake akaleta chai. Nikamuuliza. "Uliona kilichokuwa mle?"

"Sikuona," akasema. "Nilishika."

Nikaanza kulia. Niliapa kwamba nakwenda kwa Daudi sasa hivi, nikamtupie viboksi vile usoni mbele ya mke wake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ukimwambia atapata faida gani?" akasema. "Mpaka leo anaamini mimi nadhani alisahau. Kusahau kunasameheka. Akijua nilivishika kwa mkono wangu, ataishi vipi?"

"Na wewe utaishi vipi?"

Alikunywa chai. Nami sikwenda kwa Daudi.

Mwanga ule kidogo wa jicho la kushoto ulizimika kabla ya mvua za vuli. Tangu nistaafu dawa nilikuwa namwekea mwenyewe kila jioni, bila kuruka, lakini daktari alishasema. Siku hizi haji kanisani isipokuwa nimshike mkono. Watoto wa shule wanapita njia ya mbele ya nyumba yake, na kama wanasoma kwa sauti anaegemea mlango asikie, lakini wengi wako mbioni. Ile picha ya bango imebandikwa sebuleni kwake, kubwa, kwenye fremu. Ni wageni tu wanaoiangalia.

Mmeniuliza mumpe mwalimu nini. Nendeni mumuulize mwenyewe anahitaji nini. Sawa, nimelijibu swali lenu, na mngeweza kulijua bila mimi. Lakini sina hakika jibu hili linasaidia. Mwalimu Lohay aliulizwa. Alisema. Anayempenda alisikia, akapiga magoti, akanunua. Mimi nimefundisha maisha yangu yote, na sijui ni somo gani lingemfanya mtu akate kona pale njia panda.

Jana Daudi alinipigia. Ana sauti ya furaha. Kundi limechangishana tena, na safari hii wanataka kumpeleka mzee Serengeti, walale huko siku mbili, hoteli imekubali kupunguza bei. Nikasema nitamuuliza. Nilikuwa nimeshaandaa moyoni namna ya kumkatalia kwa heshima.

Nikavuka barabara. Mwalimu Lohay alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Nikamweleza, nikamwambia asijisumbue, nitawaambia hajisikii vizuri.

"Waambie nitakwenda," akasema.

"Mwalimu, Serengeti utakwenda kufanya nini?"

Aliuelekeza uso barabarani, magari ya watalii yanapita kwa mbali kwenye lami, moja baada ya jingine.

"Emiliana," akasema, "nikikataa, watakuja tena kufanya nini?"